Kura ya West Nile: Kutoka 1980 Hadi 2006

Wananchi wa Uganda wamerudishiwa vyama vingi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika uchaguzi wa Bunge wa tarehe 10 na 11 Desemba 1980. Mara ya pili, tarehe 23 Februari 2006. Atakaye kujua tofauti ya siku hizo na aitazame West Nile, toka Koboko mpakani hadi Pajulu, ubavuni mwa Arua.

Uchaguzi wa 1980 ulikuwa wa kwanza tangu ule wa Aprili 1962. Vyama vya upinzani vilipigwa marufuku mwaka 1969, na Idi Amin, aliyetwaa madaraka mwaka 1971, hakuruhusu chama chochote. Alipoangushwa Aprili 1979, vilijitokeza vyama vinne: UPC, DP, UPM na CP.

Lakini Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliingia West Nile kutoka Sudan na Zaire. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi lililipiza kisasi kwa raia, kana kwamba kila mzaliwa wa huko alikuwa askari wa Amin. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Siku ya kura ilipowadia, wengi walikuwa wakimbizi. Na mtu hapigi kura katika kijiji alichokikimbia. Huko Kampala, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, na UPC ikatangazwa mshindi. Bunge lilipatikana, amani haikupatikana: tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua.

Tangu 1986 shughuli za vyama zilizuiwa, hadi kura ya maoni ya tarehe 28 Julai 2005 ilipovifungulia mlango. West Nile nayo ilikuwa imetulia, hasa baada ya mkataba wa Desemba 2002 na waasi wa UNRF II. Hivyo mwaka 2006 watu walipiga kura wakiwa kwao, na Arua ikapeleka bungeni hata wabunge wa upinzani.

Mwaka huo huo wa 2005 Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Lugha iliyosikika mno vinywani mwa askari yafaa sasa isikike vinywani mwa wapiga kura. Basi mwalimu afundishapo maneno "mgombea", "kura" na "tume", asilisahau neno "nyumbani", kwani wingi wa vyama haumfai mpiga kura asiye na kwao.