Kazi kwa Kila Wati: Historia ya Prosesa za Kompyuta za Magemu, Ikitazamwa Kutoka Mwanza

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, miaka tisa tu baada ya kompyuta ya kwanza, ICT 1500, kufungwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka huohuo Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM, nchini Marekani, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba transista, yaani swichi ndogo mno zinazounda prosesa, zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake hufanya kazi kwa kasi zaidi bila kuongeza joto katika eneo lilelile. Matukio hayo hayakuhusiana hata kidogo, lakini la kwanza lilichelewesha kuenea kwa kompyuta nchini, na la pili likaamua zingekuwa za namna gani zitakapofika.

Kanuni ya Dennard iliwabeba watengenezaji kwa takriban miaka thelathini, hadi transista zilipokuwa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, na volteji ikakataa kushuka zaidi. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka kwa kadiri ya mapigo yake kwa sekunde na kwa mraba wa volteji, na kwa kuwa mapigo ya haraka hudai volteji kubwa, kila hatua ya mwisho ya kasi hununuliwa kwa bei ghali kuliko iliyotangulia. Kampuni ya Intel iliisukuma prosesa yake ya Pentium 4 ya kompyuta za mezani kupita wati 100, kisha mwaka 2004 ikaufuta mradi wa mrithi wake, Tejas. Suluhisho lilikwisha kupatikana kwa wahandisi wake wa Haifa, Israel, waliounda Pentium M, prosesa ya kompyuta mpakato iliyotoka mwaka 2003, ambayo kwa wati zisizofika 25 ilishindana na Pentium 4 zenye mapigo ya haraka zaidi.

Mwanza ilikuwa na sababu zake za kuhesabu wati. Maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakizungusha mitambo ya Jinja, Uganda, tangu mwaka 1954, ilhali jiji lililo kwenye ufuko wa kusini wa ziwa hilohilo lilitegemea gridi ya taifa, iliyotegemea mabwawa ya mbali kama Mtera na Kidatu. Ukame uliofikia kilele mwaka 2006 ulishusha kina cha ziwa na cha mabwawa kwa pamoja, na mgawo wa umeme ukaisumbua nchi nzima. Jijini Mwanza kwenyewe, kituo cha umeme cha Nyakato cha takriban megawati 60, kinachoendeshwa kwa mafuta mazito, kilianza kazi mwaka 2013. Katika mazingira hayo kompyuta ya mezani huzimika pamoja na taa, lakini mpakato hubaki hai kwa sababu betri yake ni akiba ya umeme. (Wavuvi wa dagaa walifanya hesabu ya aina hiyo ziwani walipoanza kuacha karabai za mafuta ya taa na kutumia taa za LED, ambazo nazo, kama prosesa, ni zao la teknolojia ya semikonda.)

Mpakato za magemu, hata hivyo, zilipuuza hesabu hiyo kwa muda mrefu, zikawa mashine nene zenye feni za kelele na betri ya kumalizia tu kazi iliyokwisha kuanzwa. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2020, kampuni ya AMD ilipotoa prosesa za Ryzen 4000 zilizotengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa teknolojia ya nanometa 7, zikiwemo prosesa za viini vinane, yaani vitengo vinane vya ukokotoaji, zilizopangiwa wati 35. Mwishoni mwa mwaka huo M1 ya Apple, ingawa haikulengwa kwa magemu, iliwaaibisha washindani kwa kazi iliyoifanya kwa umeme kidogo. Intel ilijibu kwa kuchanganya viini vikubwa vya kasi na vidogo vya kubana matumizi.

Ushindi huo wa kubana umeme haukuwa kamili, kwani watengenezaji waligeuza sehemu ya akiba waliyoipata kuwa kasi zaidi. Core Ultra 9 275HX ya Intel ya mwaka 2025 ina kiwango cha msingi cha wati 55 lakini inaruhusiwa kupanda hadi 160, na prosesa ya michoro iliyo kando yake, ile inayochora picha za gemu, inaweza kudai 175 nyingine. Kwa kuwa betri za mpakato kwa kawaida hazizidi wati-saa 100, kikomo kinachotokana na kanuni za usafiri wa ndege, matumizi ya wati 200 yangeimaliza betri kubwa kabisa ndani ya nusu saa, ndiyo maana mashine hizo hujipunguzia kasi mara chaja inapochomolewa. Ryzen AI Max+ 395, pia ya mwaka 2025, ilifuata njia yenye busara zaidi kwa kuunganisha viini 16 na kichora picha kikubwa katika kifurushi kimoja kinachotumia kumbukumbu ya pamoja na kinachoweza kupangwa kati ya wati 45 na 120. Kwa mnunuzi wa Nyamagana au Ilemela, wilaya za Mwanza, namba inayofaa kuulizwa dukani ni ile ya chini, kwa sababu kasi inayotangazwa hupimwa chaja ikiwa ukutani, na gemu ya jioni ambayo umeme umekatika huchezwa kwa wati ambazo betri inamudu kutoa.