Moshi juu ya Ghuba ya Ungwana

Kaskazini ya Malindi, mkabala wa Ngomeni katika Ghuba ya Ungwana, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma majukwaa mawili ya kituo cha kurushia roketi, San Marco na Santa Rita, ambayo tarikh yake ni haki ya pwani yetu kama ilivyo nguzo ya Vasco da Gama, ijapokuwa wageni huizuru nguzo wakarudi makwao bila ya kuyasikia majukwaa.

Aliyeyaasisi ni Luigi Broglio, mhandisi na jemadari wa jeshi la anga la Italia, naye alikuja huku kwa kuifuata ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huirithi kasi hiyo bure, tena ikapita juu ya bahari tupu pasipo kuhatarisha mji wowote. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 iliondoka hapo, ikibebwa na Scout, roketi ya Kimarekani ya hatua nne zenye fueli kavu.

Fueli ya namna hiyo huacha moshi mweupe mzito, na pepo za juu, kila tabaka likivuma upande wake, huupinda na kuusokota kama utepe. Roketi ikirushwa baada ya jua kuchwa, ambapo huku kwetu giza huingia upesi, sehemu ya chini ya moshi huwa imekwisha kufifia, ilhali ya juu yangali yaangaziwa na jua ambalo sisi hatulioni tena. Na mwenye kutazama hapo ameuona kwa macho yake uduara wa dunia, jambo ambalo wengine hulisoma vitabuni tu.

Ama fahari kuu ya Ngomeni ni tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, iliporushwa setilaiti ya Marekani ikaitwa Uhuru kwa taadhima ya wenyeji wake. Ndiyo ya kwanza ulimwenguni kutengwa kwa falaki ya eksirei. Ilizipeleleza mbingu zote, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, viliwasaidia wanazuoni kutambua kwamba hapo pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Scout ya mwisho kurushwa Ngomeni iliondoka Machi 1988. Nawasihi walimu wa Malindi na Kilifi wawafundishe watoto habari hii, kwani wanafalaki wa dunia nzima hulitaja jina la Uhuru, na haifai lisahauliwe pwani lilikotoka.