Mbao, kontena au mawe? Jinsi ya kuchagua makao ya familia katika baridi ya Meru na Embu

MSIMU wa baridi uwadiapo kati ya Juni na Agosti, wakazi wa miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru na Embu hupitisha siku nyingi bila kuliona jua. Kwa familia changa ambayo bado haina hati ya shamba, au ambayo huhamahama kufuata kazi, swali huwa gumu: ni makao gani yatakayowakinga watoto dhidi ya baridi, na ambayo hayatapotea iwapo italazimu kuhama?

Huko Marekani na Canada, baadhi ya familia hulijibu swali hilo kwa kununua matrela makubwa yenye vyumba, yanayokokotwa na magari ya pick-up, na kuishi humo mwaka mzima. Katika kaunti za Meru na Embu, jibu lililo karibu na hilo ni nyumba ya mbao ambayo yaweza kufunguliwa, kupakiwa kwenye lori na kusimamishwa upya kwingineko. Kontena za kusafirishia mizigo melini nazo zimeanza kugeuzwa kuwa makao.

Baridi si moja

Jambo la kwanza ni kuielewa baridi ya mahali penyewe. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda mlimani. Hivyo basi, nyumba inayofaa Mitunguu au Siakago, ambako joto ni tatizo kubwa kuliko baridi, haiwezi kufaa Kibirichia.

Hata katika maeneo ya juu kuna tofauti. Ukanda wa majani chai, kuanzia Kianjokoma kule Embu hadi Kionyo na Githongo kule Meru, hupokea pepo zenye unyevu kutoka kusini mashariki. Baridi ya huko ni ya ukungu na manyunyu, na adui mkubwa ni unyevu unaoingia kwenye kuta, nguo na matandiko. Kwa upande mwingine, Timau, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kaskazini mwa mlima, hupata mvua kidogo. Mchana jua huwaka, lakini usiku anga ikiwa wazi joto hutoroka haraka na upepo huwa mkali.

Kwa sababu hiyo, anayejenga katika ukanda wa chai aanze kwa kuinua sakafu na kurefusha paa ili mvua isipige kuta. Anayejenga Timau aanze kwa kuziba nyufa na kuelekeza mlango mbali na upepo.

Aina tatu za makao

Nyumba ya mbao ina faida kwa kuwa mbao haipitishi joto upesi kama chuma au saruji. Jiko likiwaka kwa muda mfupi, chumba hupata joto haraka. Udhaifu wake ni mchwa, moto na nyufa.

Nyumba ya mawe hudumu kwa miaka mingi na haishiki moto kwa urahisi. Kuta zake hufyonza joto la mchana na kulitoa polepole usiku, jambo linalofaa Timau. Hata hivyo, mahali pasipo na jua kwa wiki kadhaa, kuta hizo hubaki baridi kutwa kucha. Zaidi ya yote, nyumba ya mawe haihamishiki.

Kontena ni imara na haliliwi na mchwa. Lakini kontena la futi 20 kwa 8 huwa na uzani wa zaidi ya tani 2 likiwa tupu, na la futi 40 hukaribia tani 4. Kulifikisha kwenye shamba lenye mteremko na udongo mwekundu wakati wa mvua si kazi rahisi. Isitoshe, chuma hupoa haraka usiku, na pumzi za wanaolala ndani hugeuka matone ya maji kwenye kuta. Kontena lisilowekewa ukuta wa pili wa ndani na madirisha halifai kulaza watoto mahali penye baridi.

Mambo ya kukagua

Anayenunua mbao ahakikishe zimekauka. Mbao mbichi, ziwe za msaiprasi, mgrivea au mkaratusi, hunywea baada ya kupigiliwa na kuacha nyufa zinazopitisha upepo. Ni vyema zipangwe kivulini zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na zikae hivyo kwa wiki kadhaa. Mabanzi, yaani mbao za pembeni mwa gogo, ni rahisi kwa bei lakini huacha mianya mingi zaidi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, wajenzi wengi walilazimika kutegemea miti ya mashambani, ambayo aghalabu huuzwa ingali mbichi.

Ukuta uwe wa tabaka mbili: mbao za nje, kwa mfano za inchi 6 kwa 1, na plaiwudi kwa ndani. Hewa iliyotulia katikati ndiyo inayozuia baridi. Maungio ya nje yafunikwe kwa papi.

Paa ndilo hupoteza joto jingi, kwani hewa yenye joto hupanda juu. Bati tupu pia hudondosha maji alfajiri. Hivyo dari si pambo bali ni hitaji la lazima. Mnunuzi wa mabati akumbuke kuwa geji 28 ni nzito kuliko geji 30, na hustahimili zaidi kufunguliwa na kupigiliwa upya.

Sakafu ya mbao iinuliwe juu ya nguzo au mawe, na hewa ipite chini yake. Hilo huzuia unyevu na humwezesha mwenye nyumba kuona njia za mchwa mapema.

Kwa nyumba ya kuhamishwa, kuta zitengenezwe vipande vipande visivyozidi upana wa lori, na vifungwe kwa bolti na nati. Misumari huipasua mbao kila inapong'olewa.

Jiko la makaa ni hatari

Kosa moja laweza kugharimu maisha ya familia nzima. Nyumba inapozibwa vyema dhidi ya upepo, jiko la makaa linaloachwa chumbani usiku hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayelala hupoteza fahamu bila kujua. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko au kusubiri moshi uishe hakuiondoi gesi hiyo.

Moshi wa kila siku nao una madhara yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 mwaka wa 2020, nimonia ya watoto ikiwa miongoni mwa visababishi. Yafaa jiko liwe katika chumba chake chenye dohani, na kila chumba cha kulala kiwe na tundu la hewa karibu na dari. Nyumba ya mbao pia iwe na milango miwili, ili moto ukizuka upande mmoja watu watokee upande wa pili.

Ardhi ni ya nani?

Vijana wengi hujenga katika shamba la baba au la babu kabla halijagawanywa. Kisheria, jengo lililoshikamana na ardhi kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Ni busara basi kuandikiana mbele ya mashahidi kwamba nyumba ni mali ya aliyeijenga na kwamba anaweza kuiondoa. Aidha, ofisi ya kaunti iulizwe kuhusu kibali kabla ya ujenzi kuanza.

Fedha zikiwa chache, vyumba viwili vilivyozibwa, kuwekewa dari na kuinuliwa kutoka ardhini vitaifaa familia kuliko vyumba vinne vyenye nyufa. Chumba kidogo hupata joto upesi, na vingine vyaweza kuongezwa hati ya shamba ipatikanapo.