Debimetri: historia ya kifaa kinachopima hewa ya motere, na kwa nini fundi hapashwi kukihukumu haraka



Hapa Kivu gari si anasa. Ndiyo inaleta muhogo na makaa sokoni, ndiyo inabeba mgonjwa usiku, na vita ikikaribia ndiyo inatoa wazee na watoto pamoja na magodoro yao. Kwa hiyo motere (injini) ikianza kukosa nguvu mlimani, shida si ya shofere peke yake. Na siku hizi kuna jina moja linalotajwa haraka kwenye garaji: debimetri. "Ni debimetri, leta pesa tununue ingine." Kifaa kinanunuliwa, gari inabaki vilevile, na pesa ya chakula imekwisha. Ili tuelewe jambo hilo linatoka wapi, tufuate historia ya kifaa chenyewe.

Tuanze na hewa. Watu wengi wanafikiri motere inakula esanse tu. Kwa kweli inakula hewa zaidi. Ili kilo 1 ya esanse iungue vizuri, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Ukihesabu kwa lita, lita 1 ya esanse inaomba zaidi ya lita 9,000 za hewa. Hewa ikipungua, esanse inazidi: moshi mweusi, buji zinachafuka, tanki inakwisha mbio. Hewa ikizidi, motere inakohoa na kukosa nguvu. Tangu mwanzo, kazi ngumu ya watengenezaji wa magari ilikuwa kujua hewa iliyoingia ni kiasi gani.

Jibu la kwanza lilikuwa kabirateri. Mwaka 1893, Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabirateri inayonyunyizia esanse ndani ya hewa inayopita. Ilitumia jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alikuwa amelieleza karibu miaka 100 mbele yake: kitu kinachotiririka kikipita mahali pembamba, mwendo wake unaongezeka na shinikizo linashuka. Shinikizo likishuka, esanse inavutwa yenyewe. Hapakuwa na waya wala kompyuta. Fundi alisikiliza motere, akaangalia rangi ya buji, akageuza vis kidogo.

Lakini kabirateri ilikuwa na udhaifu ambao sisi watu wa milimani tunaujua. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapa hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko kule pwani. Gari iliyorekebishwa bandarini ikipanda huku inapata esanse nyingi kupita hewa. Ndiyo sababu mafundi wazee walikuwa wakibadilisha jikleri, kile kitobo kidogo kinachopitisha esanse.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa sababu ya moshi. Huko Marekani, hasa jimbo la California, serikali ilianza katika miaka ya 1960 kuweka sheria juu ya moshi wa magari. Mwaka 1967 kampuni ya Kijerumani Bosch ilitoa D-Jetronic, mfumo wa umeme wa kupiga esanse, ambao uliwekwa kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Herufi D ni ya neno la Kijerumani Druck, maana yake shinikizo. Mfumo huo haukupima hewa yenyewe. Ulipima shinikizo ndani ya bomba la kuingizia hewa, halafu kompyuta ikakadiria.

Miaka michache baadaye, katika 1973 na 1974, ikaja L-Jetronic. L ni ya Luft, yaani hewa. Hapo ndipo debimetri ilizaliwa kwa magari ya watu wengi. Ndani yake kulikuwa na kibao kinachosukumwa na hewa kama mlango unaosukumwa na upepo. Hewa ikiwa nyingi, mlango unafunguka zaidi, na kidole cha chuma kinatembea juu ya njia ya kaboni na kutuma umeme kwa kompyuta.

Kupima ugonjwa wake kulikuwa rahisi. Fundi alifungua bomba, akasukuma kibao kwa mkono polepole, huku akiangalia mulitimetri. Sindano ikipanda bila kuruka, kifaa ni kizima. Ikiruka mahali fulani, njia ya kaboni imelika. Kibao kikikwama, kimepinda au kimejaa uchafu. Yaani fundi aliona ugonjwa kwa macho kabla ya kuutaja.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wanasayansi. Mwaka 1914, Louis Vessot King wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa hesabu inayoonyesha jinsi waya wa moto unavyopoteza joto katika hewa inayotembea. Kila mama anaijua kazi hiyo: anapopulizia uji wa mtoto, hewa inaondoka na joto. Ukipuliza kwa nguvu, joto linaondoka zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bosch iliweka waya mwembamba wa platini ndani ya bomba la hewa la magari kama Volvo. Umeme unaufanya waya ubaki na moto. Hewa ikipita nyingi, unahitajika umeme zaidi. Umeme huo ndio unaosema ni gramu ngapi za hewa zimeingia kila sekunde. Na kwa kuwa kinapima uzito, kifaa hicho hakidanganywi na milima yetu.

Adui yake alijulikana tangu siku ya kwanza: vumbi. Vumbi likikaa juu ya waya linakuwa kama blanketi. Ndiyo sababu katika mfumo ule wa kwanza wa Bosch, ukizima motere, waya ulichomwa kwa muda mfupi mpaka karibu nyuzi 1,000 ili uchafu uungue. Baadaye zilikuja debimetri za utando mwembamba, na nyingi hazina tena kazi hiyo ya kujichoma. Kwa mji wetu wenye vumbi jeusi la mawe ya Nyiragongo, filtri iliyopasuka inatosha kuanza ugonjwa.

Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha kila gari ndogo mpya kuwa na mfumo wa kujipima wa aina moja, na nchi zingine zikafuata. Hapo ndipo skaneri iliingia garajini, na hapo pia ndipo kosa la leo lilianza. Skaneri ikionyesha P0101, wengi wanasoma: "debimetri imekufa." Lakini kode hiyo inasema tu kwamba kipimo cha hewa hakilingani na kile kompyuta inangojea. P0171 nayo inasema esanse ni kidogo kuliko hewa. Sababu inaweza kuwa debimetri, lakini inaweza pia kuwa bomba lililopasuka nyuma yake, ambapo hewa inaingia bila kupimwa.

Fundi mwenye subira anazitofautisha. Anaangalia kwenye skaneri asilimia ya esanse ambayo kompyuta inaongeza. Kama nyongeza ni kubwa gari ikisimama, halafu inapungua motere ikiongezwa mwendo, atafute kwanza bomba lililopasuka. Kama inazidi kadiri motere inavyobebeshwa kazi, debimetri chafu inashukiwa. Motere ndogo iliyopata moto, ikisimama tu, mara nyingi inavuta gramu 2 hadi 4 kwa sekunde. Anapima pia umeme kwenye plagi, maana waya uliokatika unafanana na kifaa kilichokufa. Anaweza hata kuchomoa plagi: kompyuta itatumia makadirio, na motere ikitulia hapo, shaka juu ya debimetri inaongezeka. Lakini hiyo ni shaka, si hukumu.

Kabla ya kununua, kifaa kisafishwe kwa dawa yake maalumu, motere ikiwa imepoa, bila kukigusa kwa kidole wala kitambaa, kisha kikauke kabisa. Dawa ya kabirateri inaweza kukiharibu. Na asinyunyizie esanse kutafuta bomba lililopasuka: moto hauulizi.

Jambo lingine: Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilizotufikia kutoka Japani kwa njia ya Mombasa na Dar es Salaam hazina debimetri hata kidogo. Zinapima shinikizo, sawa na ile D ya mwaka 1967. Mtu anaweza kuuziwa dawa ya ugonjwa ambao gari yake haiwezi kuupata.

Kwa mafundi waliokimbia vijiji vyao na kuacha vyombo nyuma, historia hii ina neno zuri. Tangu 1973 mpaka leo, chombo cha kwanza cha kazi hii ni mulitimetri, na inaingia mfukoni. Na wewe mwenye gari, kabla ya kutoa dola, muulize fundi maswali mawili: umepima nini, na umepata namba gani? Kama hana namba, pesa yako ingoje kwanza.