Kufuja

Kufuja ni kutumia au kusimamia mali ovyo hadi ipotee bila kuleta faida iliyokusudiwa. Kinachofujwa ni kitu chenye kuisha: fedha, chakula, maji, urithi, hata muda. Kitendo chenyewe ni ufujaji, mtendaji ni mfujaji. Neno hili hutumika nyumbani kama linavyotumika bungeni, na uzito wake uko mahali pamoja: hasara yaweza kuwepo bila mwizi.

Tuseme wakaazi wa Kinanira, mtaa (Wanabujumbura husema karitiye) ulio kusini mwa Bujumbura, wamechanga faranga za kukarabati mfereji wa maji ya mvua. Komite inanunua saruji miezi miwili kabla ya fundi kupatikana, mifuko inapangwa juu ya udongo mtupu bila mbao chini, mvua inanyesha, na saruji yote inaganda kuwa mawe. Hakuna aliyeiba hata faranga moja, na risiti zote zipo. Komite hiyo imefuja michango. Mweka hazina akichota sehemu ya fedha hizo kulipia karo ya mwanawe, huo ni ubadhirifu. Fundi akija akajenga mfereji unaopandisha maji badala ya kuyashusha, yeye ameboronga kazi. Magazeti huyachanganya maneno hayo matatu, na mchanganyo huo una madhara, maana mzembe huitwa mwizi na mwizi akapata kujitetea kwamba alikosea hesabu tu.

Ubadhirifu umetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutawanya mbegu. Kurani inaukemea katika sura ya 17, aya ya 26 na 27, kwa maana ya kutapanya mali. Kiswahili cha ofisini kimelisogeza neno kuelekea wizi wa aliyekabidhiwa, na leo kumwita mtumishi mbadhirifu ni kumtuhumu jinai. Jirani yake, israfu, limebaki na maana ya kupita kiasi, kama katika karamu za arusi.

Bujumbura, ambako Kiswahili kina mizizi mirefu katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, msemaji huwa na Kirundi pembeni. Gusesagura hukaribiana sana na kufuja, na lina undugu na gusesa, kumwaga. Kunyuruza ni kupora mali ya umma. Gucunga nabi ni kusimamia vibaya, na gucunga ni ndugu wa kuchunga. Sheria ya Burundi ya tarehe 18 Aprili 2006 dhidi ya rushwa inataja usimamizi wa hila miongoni mwa makosa, lakini hila si uzembe, na saruji iliyoganda haiingii humo.

Tanzania imekwenda mbali zaidi. Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1984 ina kosa la kuisababishia mamlaka hasara. Tarehe 6 Julai 2015 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, kutokana na msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Shtaka la hasara halikuhitaji kuthibitisha kwamba fedha ziliingia mfukoni mwao. Hapo ufujaji ulipata nguvu ya kisheria ambayo neno lenyewe halina.

Methali inayotajwa zaidi katika mambo haya ni mali bila daftari hupotea bila habari. Iliyo kali zaidi ni kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi, kwa sababu inamtaja yule anayepumua mzigo wa wenzake unapopungua.

Kisarufi, kufuja huhitaji yambwa inayoweza kutumika ikaisha. Husemwa amefuja bajeti ya wizara. Wizara yenyewe huborongwa au huvurugwa. Fujo, yaani ghasia, ni neno la ukoo huohuo, ila kufanya fujo hakumaanishi tena kupoteza mali.