Bei ya Jina: Kutoka Sanduku la Bomboni mpaka Kraft Heinz

Wengi wetu tulizoea kwamba kampuni inapimwa kwa vile iko navyo: majengo, mashini, stoki. Historia ya See's Candies inasumbua hesabu hiyo.

See's inatengeneza bomboni za chokoleti. Ilianza 1921 kule Los Angeles, na sura ya Mary See, mama mzee mwenye miwani, ingali kwenye sanduku. Mwaka 1972 familia ilitaka kuiuza dola milioni 30. Mali yake ya kushikika ilikuwa milioni 8 tu! Warren Buffett, mtu aliyezoea kununua vya bei chini, alikataa kupita milioni 25, na hata hapo roho ilimuuma. Bahati yake, wakamkubalia.

Alinunua nini basi? Juu ya mtaji wa milioni 8, kampuni ilileta faida ya karibu milioni 4 kwa mwaka mbele ya kodi. Mashini haizai hivyo. Ile njo jina: kijana anayepelekea mchumba wake zawadi hatafuti sanduku la bei ya chini.

Sasa tufuate tarakimu mpaka 2007. Uzito wa bomboni zilizouzwa haukufika hata mara mbili. Lakini mauzo yalitoka milioni 30 yakafika 383, na faida ya mwaka ikawa 82. Tusijidanganye, bei za vitu Marekani zilipanda karibu mara tano ndani ya ile miaka. Ila bei zikipanda, kampuni ya kawaida inameza pesa: mashini ghali, stoki ghali. See's iliomba nyongeza ya milioni 32 tu kwa miaka 35, ikarudisha faida ya zaidi ya bilioni 1.3 mbele ya kodi. Njo maana kuanzia 1988 Buffett hakuogopa hisa za Coca-Cola.

Lakini hata jina kubwa linaweza kununuliwa ghali. Mwaka 2015 Buffett huyohuyo alikuwa ndani ya muungano wa Kraft na Heinz. Februari 2019 kampuni ikafuta dola bilioni 15.4 kwenye vitabu vyake, pamoja na thamani ya majina Kraft na Oscar Mayer. Hisa zikaanguka karibu asilimia 27 kwa siku moja. Juu ya nini? Maduka makubwa yalikuwa yamejenga majina yao wenyewe, kama Kirkland ya Costco, na mwenye duka njo alianza kupanga bei. Siku chache baadaye Buffett akakiri mbele ya watu: Kraft walilipia kupita kiasi.