Mkopo Unaosameheka

Machi 2020, korona ilipofunga biashara nchini Marekani, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoanzisha Mpango wa Kulinda Mishahara. Mwenye biashara ndogo aliweza kupata fedha zinazofikia mara mbili na nusu ya wastani wa mishahara anayolipa kwa mwezi. Aliyezitumia kadiri sheria ilivyotaka hakudaiwa kitu. Sasa kama hazirudishwi, kwa nini ziitwe mkopo na si ruzuku?

Kwanza, tutazame njia ambayo fedha hizo zilipitia. Tayari kulikuwa na utaratibu wa miaka mingi wa benki kukopesha biashara ndogo kwa dhamana ya serikali. Fedha za mpango huu zilipitishwa humo humo, safari hii kwa dhamana ya asilimia 100. Ndiyo maana zilitoka haraka: dola bilioni 349 za awali ziliisha chini ya wiki mbili.

Lakini sababu nzito zaidi ni nani anayebeba mzigo wa ushahidi. Aliyechukua fedha hizi alikuwa na deni tangu siku ya kwanza, kwa riba ya asilimia 1. Msamaha haukuja wenyewe. Ilimbidi auombe na aonyeshe hati za mishahara, kodi ya pango na bili za umeme. Mwanzoni angalau asilimia 75 ya kiasi cha kusamehewa ilipaswa iwe imelipa mishahara. Juni 2020 kiwango kikashushwa hadi 60. Sehemu isiyothibitishwa ilibaki deni. Hata sheria ya kodi ililiona hivyo: deni linaposamehewa Marekani, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kipato, kwa hiyo ilibidi itamkwe waziwazi kwamba msamaha huu hautozwi kodi.

Kwa Kiswahili, “mkopo wa bure” ni upotoshaji, na “ruzuku” inafuta lile sharti ambalo ndilo kiini cha mpango. Napendekeza “mkopo unaosameheka”. Kauli ya kutendeka inatufaa sana hapa, kwa kuwa inaeleza jambo linalowezekana bila kudai kwamba limekwisha kutendeka. Benki ikishapata uamuzi, tuandike “mkopo uliosamehewa”, na sehemu iliyokataliwa tuiite mkopo, basi.